Mwenyeji mmoja, wageni wanne: kuunda mashine pepe kwa amri za maandishi

Chini ya meza yangu ipo kompyuta niliyoinunua ikiwa imekwishatumika, yenye ramu ya gigabaiti 16 na diski ya gigabaiti 240, isiyo na skrini, kibodi wala kipanya. Huwa ninaingia humo kwa SSH, yaani njia salama ya kuendesha kompyuta nyingine kwa maandishi kupitia mtandao, kutoka kwenye kompyuta mpakato, mara nyingine kwa bando la simu, na ndani yake zinaishi seva nne za majaribio ambazo hakuna fundi aliyewahi kuzigusa kwa mkono, kwa sababu zote ni mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi. Huulizwa kwa nini situmii programu yenye madirisha ya kubofya. Madirisha hula bando, hilo ni kweli, lakini sababu iliyo nzito zaidi kwangu ni kwamba kubofya hakuachi alama: baada ya miezi sita hukumbuki ulichagua nini katika ukurasa wa tatu, ilhali amri iliyohifadhiwa kwenye faili inasomeka, inasahihishika na inaweza kuendeshwa tena kama ilivyo.

Katika fani hii kompyuta halisi huitwa mwenyeji na mashine pepe huitwa mgeni, ingawa mgeni wa huku hasubiri siku ya tatu; jembe hukabidhiwa saa ile ile anapofika. Wanaomhudumia ni watatu. KVM ni sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux tangu toleo la 2.6.20 la Februari 2007, na kazi yake ni kumruhusu mgeni atumie kichakataji moja kwa moja, karibu kwa kasi yake halisi. QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, humwigizia mgeni vifaa vingine kama diski na kadi ya mtandao. Juu yao yupo msimamizi aitwaye libvirt, ambaye huzungumza nasi kupitia amri ya virsh, na kwa kazi ya kuunda mashine mpya kupitia virt-install.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba kichakataji kinaruhusu kazi hii:

grep -E -c 'vmx|svm' /proc/cpuinfo
ls /dev/kvm

Neno vmx ni la vichakataji vya Intel na svm ni la AMD. Ikiwa faili ya /dev/kvm haipo, mara nyingi kosa si la Linux, bali uwezo huo umezimwa katika mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, na hapo hakuna njia ila kuazima skrini na kibodi kwa dakika tano. Kwenye Debian 12 nilisakinisha vifurushi hivi:

sudo apt install qemu-system-x86 qemu-utils libvirt-daemon-system libvirt-clients virtinst
sudo adduser $USER libvirt
virsh -c qemu:///system net-start default
virsh -c qemu:///system net-autostart default

Baada ya amri ya pili lazima utoke na kuingia upya ili uanachama wa kundi utambulike. Amri mbili za mwisho huwasha mtandao wa ndani, ambamo wageni hupewa anwani zinazoanza na 192.168.122. Kuhusu neno qemu:///system, usilipuuze. Mtumiaji wa kawaida asipolitaja, virsh humpeleka kwenye qemu:///session, ambako ana orodha yake ya mashine iliyo tofauti kabisa, na ndiyo maana watu wengi huunda mashine leo kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na kesho bila sudo wakakuta orodha tupu, wakadhani imefutika. Mimi nimeweka mstari wa export LIBVIRT_DEFAULT_URI=qemu:///system katika faili yangu ya .bashrc, ambayo husomwa kila ninapofungua terminali, na usumbufu huo haukurudi.

Sasa amri yenyewe:

virt-install --name seva1 --memory 2048 --vcpus 2 \
  --disk size=20 --osinfo debian11 \
  --network network=default --graphics none \
  --location http://deb.debian.org/debian/dists/bookworm/main/installer-amd64/ \
  --extra-args 'console=ttyS0,115200n8'

Kumbukumbu huhesabiwa kwa megabaiti na diski kwa gigabaiti. Chaguo la --osinfo humwambia libvirt ni mfumo gani unakuja ili achague vifaa vinavyoufaa. Orodha ya majina hupatikana kwa virt-install --osinfo list, na ikiwa toleo lako jipya halimo, jina la toleo lililolitangulia linatosha. Ndiyo sababu hapo pameandikwa debian11 ilhali kinachosakinishwa ni Debian 12.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo iliyonigharimu jioni nzima. Mara ya kwanza nilipakua faili ya ISO, yaani nakala ya CD ya kusakinishia, nikaiweka kwa --cdrom pamoja na --graphics none, nikabonyeza Enter. Terminali ikanijibu kwamba nimeunganishwa na mashine ya seva1 na kwamba alama ya kutokea ni ^], kisha ikanyamaza. Nilingoja. Nilibonyeza Enter mara kadhaa, nikaenda kuteka maji, nikarudi, kielekezi kikiwa bado kinapepesa mahali pale pale. Mashine haikuwa imekwama hata kidogo: kisakinishi kilikuwa kikiuliza lugha kwenye skrini ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiondoa, na hakikujua kwamba kilipaswa kuzungumza kupitia konsoli ya maandishi. Agizo la console=ttyS0 ndilo hukipa kisakinishi habari hiyo, lakini virt-install hawezi kulifikisha kwa kerneli ya kisakinishi anapotumia --cdrom; hukubali --extra-args pale tu unapotumia --location, kwa sababu hapo huichukua kerneli mwenyewe na kuiwasha. La kuchekesha ni kwamba programu ilikuwa imenionya kwa mstari mzima juu ya jambo hilo hilo, nami sikuusoma. Kutoka kwenye konsoli ni Ctrl pamoja na ], na kurudi ni virsh console seva1.

Diski ya gigabaiti 20 haichukui gigabaiti 20 siku ya kwanza. Faili ya qcow2, ambayo ndiyo diski ya mgeni, hukua kadiri mgeni anavyoandika, na amri ya qemu-img info huonyesha ukubwa ulioahidiwa na ule unaotumika kweli. Ahadi hizi zina hatari yake, kwani hakuna anayekuzuia kuahidi zaidi ya ulichonacho, na diski ya mwenyeji ikijaa, wageni wanaotaka kuandika husimamishwa papo hapo hadi nafasi ipatikane.

Vitenzi vya virsh navyo vinahitaji uangalifu. Shutdown humwomba mgeni ajizime kwa adabu. Destroy, licha ya jina lake la kutisha, haifuti chochote. Ni sawa na kuchomoa waya wa umeme. Kinachofuta ni undefine, hasa ukiongeza --remove-all-storage, na hakiulizi mara mbili. Kwa anayeishi na umeme wa kukatika kama mimi, virsh autostart seva1 humwamsha mgeni pindi mwenyeji anapowaka.

Kwa mashine ya pili na zilizofuata niliacha kabisa kisakinishi. Debian hutoa diski zilizo tayari, za aina ya genericcloud, ambazo hupakuliwa mara moja tu, kisha kila mgeni hupewa utando mwembamba juu ya diski hiyo ya msingi:

sudo qemu-img create -f qcow2 -F qcow2 \
  -b /var/lib/libvirt/images/msingi.qcow2 \
  /var/lib/libvirt/images/seva2.qcow2 20G

virt-install --name seva2 --memory 1024 --vcpus 1 --import \
  --disk /var/lib/libvirt/images/seva2.qcow2 \
  --osinfo debian11 --network network=default --graphics none \
  --cloud-init clouduser-ssh-key=$HOME/.ssh/id_ed25519.pub

Muda mfupi baadaye mgeni yuko tayari, ufunguo wangu wa SSH ukiwa ndani, na anwani yake naipata kwa virsh domifaddr seva2. Utando huandika tofauti tu. Mengine yote husomwa kutoka kwenye msingi, kwa hiyo msingi ukibadilika hata kidogo, kila kilichojengwa juu yake huharibika. Hilo nililijua kwa kusoma, kisha nikalijua vizuri zaidi siku nilipopakua toleo jipya la diski hiyo na kulihifadhi kwa jina lile lile la msingi.qcow2. Seva zote tatu zilizoegemea hapo ziligoma kuwaka. Faili yangu ya amri ilikuwepo, nikaiendesha tena, na kabla ya magharibi zilikuwa zimesimama upya, ingawa data za majaribio zilikwenda na maji. Tangu siku hiyo jina la kila diski ya msingi lina tarehe ndani yake.