Hajjat na neno INNER

Juzi binti yangu alichungulia skrini, akauliza, "Baba, mbona mistari yako mingine inaanzia katikati?" Nilikuwa nimechapisha kweri, yaani agizo la SQL la kuchota data kwenye hifadhidata, imepangwa sawasawa. Nikamwambia akalale. Mimi nikabaki namuwaza Hajjat wa Bombo, niliyefanya naye kazi.

Enzi za ofisi ya Wandegeya, Kampala, juu ya duka la simu, tulirithi programu ya SACCO moja ya wanaboda, iliyojengwa kwa Django, zana ya Python inayokuandikia kweri yenyewe. Kila mwisho wa mwezi ripoti ya akiba ilitoka pungufu. Asiyeweka hata shilingi mwezi huo hakuonekana kabisa, na mwenyekiti alikuwa akipiga simu hadi tukawa tunakwepa kupokea.

Jioni moja Hajjat akavuta kiti. Kwenye skrini kweri ilikuwa mstari mmoja mrefu, umejikunja mara kadhaa, alama za nukuu zimejaa kila mahali.

"Kijana, hapo unasoma nini? Hata Qur'ani ina aya."

Akavuta kibodi, akaipitisha kweri kwenye sqlparse, zana ya kupanga mistari ya SQL, reindent=True. Ikamwagika kwenda chini: SELECT peke yake, FROM peke yake, kila sharti mstari wake. (Usiinakili hivyo hivyo kwenye hifadhidata ya Postgres. Ukiichapisha kwa print, Django haiwekei tarehe nukuu, na 2019-03-01 inageuka hesabu ya kutoa. Jibu: 2015.) Kidole chake chenye hina kikashuka taratibu juu ya kioo, kikapita FROM, kikasimama.

"INNER JOIN. Nani aliiomba hii?"

Hakuna aliyeiomba. Nilitafuta programu nzima, neno hilo halimo. Kulikuwa na filter tu, kichujio cha tarehe za malipo, na kwa filter hiyo Django yenyewe huunganisha majedwali kwa INNER, inayobakiza wenye rekodi pande zote mbili tu, kwa hiyo asiye na malipo anaachwa nje. Tukaliingiza sharti la tarehe ndani ya Sum, ile inayojumlisha malipo, tukachapisha tena: LEFT OUTER JOIN, inayobakiza kila mwanachama hata asiye na malipo. Majina yote yakarudi.

Tangu hapo siigusi kweri kabla sijaiona imepangwa, ingawa siku nyingine nashuku naipanga tu ili nichelewe kuanza kufikiri.

Mwezi uliofuata mwenyekiti akapiga tena. Ripoti imebandikwa ukutani, na wasioweka akiba wamekasirika kuona majina yao na nafasi tupu mbele yake. Je, hatuwezi kuwaondoa?

Hajjat akanikabidhi simu. "Ongea naye wewe."