Kiatu cha kufunguka: soli ya nne, kilomita 63

Wiki ya 1

Mradi umeanza kwa hasira. Nilitoa kwenye boksi viatu vyangu vya kupandia milima, ambavyo sidhani kama nimewahi kuvivaa zaidi ya mara kumi, nikavifunga vizuri, na kabla sijafika mbali soli ya kulia ikabaki nyuma. Nilipoiokota ikasagika mkononi kama udongo mkavu. Ngozi ya juu bado inang'aa, hakuna hata uzi mmoja uliolegea. Sponji ya poliuretani ndivyo ilivyo: unyevu wa hewani unaila taratibu, na huila hata kiatu kikiwa kimelala tu bila kuvaliwa. Fundi aliyevitazama alisema anaweza kubandika soli nyingine, ila gundi ya zamani lazima ikwanguliwe, na ngozi itaumia pembeni.

Kwa hiyo natengeneza kiatu ambacho kila kinacholika kinatolewa kwa mkono na kuwekwa kingine. Bila gundi. Nimeorodhesha sehemu saba zitakazoachana. Najua ni nyingi, lakini acha niote kwanza.

Wiki ya 2

Kusoma tu. Wazo lenyewe ni la zamani. Viatu vya ngozi vinavyoshonwa kwa upapi vinabadilishwa soli miaka yote: upapi wa ngozi unazunguka kiatu, sehemu ya juu inashonwa kwenye upapi huo, kisha soli inashonwa kwenye upapi huohuo kwa mshono mwingine. Ukitaka kubadilisha soli unakata mshono wa pili tu. Ule wa kwanza hauguswi. Mashine ya kazi hiyo ina jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule aliyepata hataza ya kupika mpira na salfa mwaka 1844. Na njumu za kufungwa kwa kuzungusha zilivaliwa na Ujerumani Magharibi kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 pale Bern, mvua ikinyesha. Waliweka ndefu zaidi kwa ajili ya tope, wakaifunga Hungaria 3–2.

Ninachochukua kwenye mshono wa upapi ni huo ujanja wa mishono miwili: kila kiungo kiwe na kazi yake.

Wiki ya 4

Soli ya kwanza: skrubu nane kutoka chini, nati zimezamishwa kwenye bamba la ndani. Inafunguka kwa dakika tatu, raha tupu. Kuvaa ndiyo shida. Baada ya kama kilomita moja nilikuwa naweza kuhesabu skrubu kwa unyayo, moja baada ya nyingine. Kiatu kimoja gramu 410. Raba yangu ya kawaida ni 290. Imekufa.

Wiki ya 6

Soli ya pili: reli. Nimechapa soli ya nje kwa printa ya 3D, kwa TPU (plastiki inayonyumbulika kama mpira) ya ugumu wa 95A, ina mfuo wa umbo la mkia wa njiwa, yaani mwembamba mdomoni na mpana ndani, inateleza kutoka kisiginoni mpaka ikwame mbele. Mezani ilipendeza kiasi kwamba nilimwonyesha kila aliyepita. Kisha nikatembea kwenye mchanga. Punje ziliingia kwenye mfuo zikaikaba reli. Nilitumia nyundo kuitoa. Siku iliyofuata, kwenye mteremko, ikatoka yenyewe. Yaani mkono ukiitaka inagoma, mguu usipoitaka inakuja.

Wiki ya 7 hadi 9

Sikuchapa kitu. Nilikaa na kalamu, na nadhani hizi ndizo wiki tatu zenye faida kuliko zote.

Soli ya tatu, kabla ya hapo, ilikuwa rahisi sana: soli ya nje ya milimita 6, sponji ya EVA ya milimita 12 juu yake, zimeshikwa mbele na nyuma kwa vishikizo. Ilikuwa inalia kwi-kwi kila hatua, na kishikizo cha nyuma kilikatika mara mbili, mahali palepale. Nilidhani plastiki ni mbovu. Nikaongeza unene, kikakatika tena.

Chukua daftari lenye kurasa nyingi, ulikunje: kurasa zinasogea, kingo zinakuwa na ngazi. Ndicho kinachotokea kiatuni. Kisigino kikiinuka, soli inakunjika chini ya vifundo vya vidole, tuseme digrii 40. Tabaka mbili zisiposhikamana, kila moja inajikunja kivyake, na moja inateleza juu ya nyenzake kwa nusu ya unene wao wote mara pembe: milimita 9 mara 0.7 (digrii 40 zikihesabiwa kwa radiani), yaani zaidi ya milimita 6. Kila hatua! Kishikizo changu cha nyuma kilikuwa kinajaribu kuzuia hizo milimita 6 peke yake.

Gundi haina tatizo hilo kwa sababu imeshika kila mahali. Mvutano unagawanywa kwenye eneo lote, mpira unavutika kidogo huku, sponji inabanwa kidogo kule. Nilikuwa nimeidharau gundi kumbe inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inazuia tabaka kuachana, na inazuia tabaka kuteleza. Mimi nilikuwa nimeondoa zote mbili na kurudisha moja.

Wiki ya 11

Soli ya nne. Kazi zimegawanywa. Sponji ina meno madogo chini yake, marefu milimita 4, yamepangwa kila sentimita moja, na soli ya nje ina vishimo vya kuyapokea. Meno yanazuia kuteleza. Kuzuia kuachana ni kazi ya kamba: soli ya nje imepandisha ukuta mfupi wenye matundu, sehemu ya juu ina vitanzi, na kamba moja inazunguka kiatu chote kama ngozi ya ngoma inavyofungwa. Pale kwenye mkunjo nimekata mifuo mitatu ya kukatiza soli ili ivutike kwa urahisi.

Haina mlio. Nilitembea chumbani usiku nikisikiliza kama mwizi.

Sehemu saba zimekuwa nne: juu, sponji, soli, kisigino. Ulimi unaotolewa na kidomo kinachobadilishwa nimeviacha. Sijawahi kutupa kiatu kwa sababu ya ulimi.

Wiki ya 14

Kilomita 63 sasa. Viatu vyangu hulika upande, kwenye kona ya nje nyuma ya kisigino, kama vya watu wengi. Kipande cha kisigino nimekichonga pande mbili sawa, kwa hiyo leo nimehamisha cha kushoto kwenda kulia na cha kulia kwenda kushoto. Kona iliyolika imehamia ndani, na nje imekuja kona mpya. Kipande kile kile kinavaliwa mara mbili, na sikukipangia hivyo. Nilichora pande mbili sawa kwa uvivu wa kuchora mara mbili.

Kufungua kiatu chote: dakika 11. Kufunga: 19, na vidole vinauma. Uzito gramu 335.

Kamba ya mguu wa kulia imeanza kutoa manyoya kwenye tundu la tano, upande wa ndani, pale pale soli inapokunjika. Nimelainisha ukingo wa tundu kwa msasa na kuipaka kamba nta. Ikikatika kabla ya kilomita 100, matundu mawili ya kwenye mkunjo nayafuta na kamba itayaruka.