Siku moja maishani mwangu: kijiko, upawa na mizani ya afisa lishe, Unguja

Saa 1:00 asubuhi. Anayeanza kupimwa ni mizani yenyewe. Inakaa juu ya saruji tupu, mbali na zulia na mkeka, maana sakafu laini huifanya mizani isome uongo. Halafu inapandishiwa dumu lenye lita 10 za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo isiposoma kilo 10 pamoja na uzito wa dumu tupu, betri zinabadilishwa kabla mlango haujafunguliwa. Wengi hudhani kazi hii ni ya watoto waliodhoofu peke yao, au ni ya mtu aliyewekwa kitini kuwakataza watu wali. Kumbe sehemu kubwa ni kupima, na kupima tena.

Saa 2:00. Foleni. Viatu chini, simu na funguo mezani, bangili kama zinavuka, baibui zito juu ya msumari. Kwa urefu, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele. Kiuno kinapimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu ameshatoa pumzi, na tumbo asilivute ndani (wote hulivuta, hasa wanaume). Mwanamke akipita sentimita 80 na mwanaume akipita 94, hatari ya sukari na presha imeanza kupanda. Kwa 88 na 102 imepanda sana. Utepe huu ni wa bei ndogo na mara nyingi unasema mengi kuliko mizani.

Saa 4:00. Hapa ndipo asubuhi yote inapoishia. Bi mkubwa mmoja, kilo 92, urefu mita 1.56. Kilo zikigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, jibu linakaribia 38, na unene wa kupindukia huanza kwenye 30. Anakaa, anajipepea kwa kadi ya kliniki.

"Mwanangu, mimi sili. Wallahi nakula mara moja tu, mchana."

Sentensi hii husikika kila siku, na asiyeizoea atamwona msemaji muongo. Si muongo. Kwa watu wengi kula ni kukaa chini mbele ya wali. Chai si kula. Kuonja chumvi si kula. Kwa hiyo haulizwi anakula nini. Anaulizwa jana tangu alipoamka kwa alfajiri alikaa wapi, alishika nini mkononi, nani alipita na sahani. Juu ya meza kuna kikombe, bakuli, upawa na vijiko vya kweli, pamoja na mizani ndogo ya jikoni, kwa kuwa neno "kidogo" halina gramu.

Jana ikaanza kutoka, polepole, na kila kitu kikitanguliwa na "hicho nacho unakiandika?" Chai ya maziwa vikombe viwili na maandazi mawili. Saa kumi chai nyengine. Baada ya isha chai ya mwisho, "ya kushushia tu". Sukari vijiko vitatu kila kikombe. Akapewa kijiko achote kama achotavyo nyumbani, kikaja na kichuguu: gramu 7, wakati kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu ni kama gramu 4. Vikombe vinne, vijiko 12, gramu 84. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na bora zaidi iwe 25. Kwa sukari ya chai peke yake zimeingia kalori 336, na bado "hajala".

Wali ukachukua nusu saa nzima. Alipewa upawa na bakuli la mchele mkavu, akapakua kama apakuavyo wali nyumbani, tukapima ujazo wake kwa maji. Sahani yake ni kama gramu 400 za wali uliopikwa. Wali mweupe wa kiasi hicho una kalori 500 na kitu, kabla ya nazi. Nyumbani kwake kilo ya mchele huingia nazi tatu, na tui lote, kasimele (lile zito la kwanza) na jepesi, linakwenda sufuria moja. Nyama ya nazi mbichi ina kama gramu 33 za mafuta katika kila gramu 100, na gramu ya mafuta ni kalori 9, zaidi ya mara mbili ya wanga au protini. Mafuta ya kukaangia samaki hayakuhesabiwa kwa sababu yanamiminwa kutoka dumuni kwa macho. Kijiko kimoja cha mezani ni kama kalori 120, na macho ya mpishi yeyote hapa Unguja hayamimini kijiko kimoja.

Mwisho kabisa, amekwisha kusimama kuvaa viatu, ndipo ukatoka ukoko.

"Ule si chakula, mwanangu. Ule nakwangua tu sufuria isiungue."

Ukoko wa wali wa nazi umekauka maji na kukaangika kwa mafuta ya tui. Kwa uzito ule ule unaushinda wali wa juu kwa kalori. Akakaa tena.

Sikumpa orodha ya makatazo, maana mwenye kukatazwa wali wa nazi Jumatatu huurudia Ijumaa kwa hamaki. Alipewa mambo manne tu. Sukari vijiko viwili vilivyosawazishwa, wiki mbili, kisha kimoja; hatua ya kwanza tu inaziteremsha gramu 84 hadi 32. Nazi moja na nusu badala ya tatu, wali upikwe kwa tui jepesi na kasimele ibakie kidogo ya kumalizia mchuzi. Sahani ianze na mchicha, bamia au matango hadi nusu yake, kisha samaki wa ukubwa wa kiganja, na wali uje mwisho kwa robo iliyobaki. Wali ukitangulia, mboga hukosa pahala. Andazi moja liondoke, liingie yai la kuchemsha, kwa sababu protini hukaa na mtu tumboni hadi adhuhuri. Lengo halikuwa kilo 60. Ni asilimia 5 ya uzito wake, kilo 4 na nusu hivi, kwa miezi mitatu. Kwa punguzo hilo dogo presha na sukari huanza kuonyesha tofauti.

Saa moja na dakika arubaini kwa mtu mmoja. Nje wanagonga mlango.

Saa 7:00. Sala, na chakula kinacholiwa huku watu wanne wakichungulia afisa lishe anakula nini.

Saa 8:00. Leo ni Jumatatu, na wapo waliofunga sunna. Mwenye sukari anayekunywa glibenklamidi hapaswi kufunga kienyeji, kwa sababu dawa ile huusukuma mwili utoe insulini hata tumbo likiwa tupu. Akitoka jasho la baridi, akitetemeka au akiona mawenge, apime sukari ya damu. Ikiwa chini ya 3.9 (milimoli kwa lita) afungue papo hapo, asisubiri magharibi. Kwenye futari wanaoanguka hawaangushwi na tende. Wanaangushwa na muhogo wa nazi, tambi za sukari, sambusa na juisi ya bungo, vyote ndani ya robo saa. Tende mbili, maji, supu, kisha sala. Kufika mezani mara ya pili njaa imekwisha kupoa.

Anaingia bibi harusi na shangazi yake. Wiki tano zimebaki, anataka kupunguza kilo 15, na mkobani ana pakiti ya chai ya kukondesha. Chai nyingi za aina hii zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji, kinyesi na madini ya potasiamu, ambayo moyo unayahitaji. Mafuta yanabaki pale pale kiunoni. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kwa hiyo wiki tano ni kilo mbili na nusu hadi tano. Shangazi hakupenda hesabu hiyo. Nilimwambia amwombe fundi wa gauni asubiri wiki ya nne ndiyo achukue kipimo.

Kuanzia hapo saa haitazamwi tena. Miguu imevimba, sauti imekauka, na wanaorudi ni wale ambao "mizani imekataa". Wiki ya kwanza walipungua kilo mbili wakafurahi; wanga ukipungua, akiba yake hutoka na maji yake, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kilo zile. Wiki ya tatu mizani imesimama. Mmoja alikula ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, usiku, na chumvi huzuia maji. Mwengine hujipima kila asubuhi na kila jioni, akihuzunika mara mbili kwa siku. Dawa ni kupima mara moja kwa wiki, Ijumaa alfajiri, baada ya choo na kabla ya chai, nguo zile zile, na kuandika. Mistari minne ikiwa haishuki kabisa, ndipo tunarudi kwenye kijiko na upawa. Mara nyingi kichuguu kimesharudi.

Faili la mwisho limefungwa, taa imezimwa, na kijana wa getini ananifuata na swali lake la kila jioni.

"Daktari, na urojo je?"

Urojo, mchuzi wetu mchachu wa Unguja unaotiwa vitu vingi, unywe. Waambie watie mishkaki miwili na yai, mbatata kidogo, bajia mbili badala ya sita, chipsi za muhogo wasitie kabisa, chatne ya nazi nusu kijiko. Ukwaju na pilipili, watie upendavyo.