Charahani ya miguu niiache au ninunue ya umeme?

Kila nikiweka picha ya mfarishi lazima atokee mtu aniulize, we bado tu unashonea charahani ya miguu? Na mie kweli nimekuwa nalifikiria sana jambo hili, khasa tangu nianze mifarishi ya kitanda kikubwa, maana nguo ya kawaida ni tabaka mbili basi, mfarishi una viraka vya kanga juu, blangeti katikati, shuka chini, na pale viraka vinne vinapokutana mishono imelaliana, sindano ikifika hapo inagota.

Nimezizungukia mpya za umeme madukani Darajani na Mlandege, hapa mjini Unguja. Nzuri, nyepesi, zina mishono ya mapambo chungu nzima. Lakini mfarishi unataka mshono mmoja tu ulionyooka, na tabu yake kubwa ni nafasi, ule uwazi baina ya sindano na shingo ya charahani ndo unapopitisha mzigo wote uliokunjwa, sasa hizi za nyumbani nyingi uwazi wake ni kama sentimita 16 au 17, hazinizidi kitu! Zenye uwazi mpana zipo ila bei yake nyengine kabisa.

Halafu huo umeme wenyewe. Sie wa Unguja tunaikumbuka 2008, kisha tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, laini ya kutoka bara imeharibika kisiwa kizima kiza, na charahani za miguu zikiendelea kulia vibarazani kama kawaida.

Ninachokipenda zaidi mie ni pembe. Nikifika kwenye kiraka chenye jina la kanga (jina sikati, naliweka zima ukingoni lisomeke) naacha kukanyaga, nashika gurudumu kwa mkono wa kulia, nashusha sindano tundu moja moja mpaka herufi ya mwisho, ndo nageuza. Ya umeme ukikanyaga kidogo tu imeshapita.

Kwa hiyo siibadilishi. Anayetaka zigizaga au kudarizi kwa mashine anunue, ana haki yake. Mie natia mkanda mpya wa ngozi, nahama sindano namba 14 naenda 16 iliyo nene zaidi, na pesa iliyobaki natafuta ule mguu wa kubania kitambaa chini ya sindano wenye meno yake wenyewe, unaovuta kitambaa cha juu sambamba na meno ya chini, maana sasa hivi blangeti linabaki nyuma na shuka linajikunja chini huoni mpaka umalize. Na meza naiongeza ubao upande wa kushoto, mfarishi ulale hapo usijivute kwa uzito wake.

Charahani yangu ni ya shingo fupi, yaani kile kijiti unapofungwa mguu wa kubania kitambaa, si ile shingo kubwa ya charahani. Kama kuna anayejua mguu huo unapatikana wapi hapa mjini, hata uliotumika, aniambie tafadhali, nina mfarishi wa mtoto unangoja.