Kumbukumbu ya mradi: mfuko wa vipande saba

Mchezo wa vipande vinavyoanguka ninaouandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, kwa mtindo wa Tetris, sasa unachezeka. Ubao una safu wima 10 na mistari 20, vipande vinageuka, na mstari uliojaa unafutika ili iliyo juu yake ishuke. Kazi iliyobaki ilionekana ndogo: kuamua kipande kipi kifuate.

Vipande vyenyewe ni saba, idadi ambayo Alexey Pajitnov hakuibuni tu alipoutunga mchezo wa asili mjini Moscow mwaka 1984. Miraba minne ikiunganishwa ubavu kwa ubavu hutoa maumbo saba, ukihesabu umbo na taswira yake ya kiooni kuwa vitu viwili. Njia nyepesi ni kuiachia kompyuta ichague kwa nasibu kila mara. Kihesabu hakuna upendeleo hapo, lakini mchezaji huona anaonewa, kwa kuwa uwezekano wa kukikosa kipande kirefu (kile cha miraba minne iliyonyooka) katika vipande 12 mfululizo ni karibu asilimia 16. Mimi nina mazoea ya kuiacha wazi safu ya kulia kabisa, nikikisubiri kipande hicho nifute mistari minne kwa mpigo, kwa hiyo kila kilipochelewa nililishuku jenereta la namba za nasibu, ingawa lilikuwa likifanya kazi yake sawasawa.

Nimehamia kwenye utaratibu wa mfuko, ambao matoleo mengi ya siku hizi huufuata: vipande vyote saba huwekwa pamoja, huchangwa kama karata, kisha hutolewa kimoja kimoja hadi viishe ndipo mfuko ujazwe upya. Kwa namna hii, kati ya kipande kirefu na kingine hakiwezi kupita zaidi ya vipande 12, kwa sababu hali mbaya kabisa ni kirefu kutangulia katika mfuko mmoja na kuwa cha mwisho katika unaofuata.

Kuchanga nako kuna hila. Ukibadilishana kila nafasi na nafasi yoyote ile, unapata njia 823,543 zenye uwezekano sawa, ilhali mipangilio ya vitu saba ni 5,040. Namba ya kwanza haigawanyiki kwa ya pili bila baki, kwa hiyo lazima baadhi ya mipangilio ipendelewe. Kanuni ya Fisher na Yates, ambayo huanzia mwisho na kubadilishana kila nafasi na mojawapo ya zile ambazo bado hazijaamuliwa, ikiwemo yenyewe, haina kasoro hiyo. (Python ina amri yake tayari, lakini nilitaka kuiandika kwa mkono wangu, na sijutii.)

Linalonikera sasa ni kwamba mchezaji anayehesabu anakijua kwa hakika kipande cha mwisho cha kila mfuko. Nimefikiria mfuko wa vipande 14, viwili vya kila umbo, ambao ungepunguza utabiri huo, ila ungeruhusu vipande 24 kupita bila kirefu. Kwa mchezaji mwenye mazoea kama yangu, hiyo ni bei kubwa mno. Nabaki na saba. Katika faili la maandishi ninaloliandika kila ninapofunga kazi nimeacha agizo moja: kuonyesha vipande vitatu vijavyo pembeni mwa ubao, badala ya kimoja.