Usiku wa kuamkia tarehe nane

Leo siku ya kumi na tisa niko ndani. Uji wa pilipili manga umeshanikinai, lakini nikiusukuma pembeni mavyaa, mama wa mume wangu, ananitupia jicho, basi naunywa. Mtoto amelala. Siku saba za mwanzo aliitwa "mtoto" tu, maana wakubwa zake tulikuwa hatujapatana.

Katika ukoo wa mume wangu jina hutoka kwenye kalenda ya Kanisa, ile iliyotundikwa nyuma ya mlango, kila tarehe na mtakatifu wake. Baba mkwe aliwapa majina wanawe wote hivyo. Mume wangu alinusurika kuitwa Polikarpo kwa sababu alizaliwa siku moja baadaye. Katika mafundisho ya wazazi kabla ya ubatizo padre alitueleza kwamba hilo si lazima. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka padre ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo. Hii ya sasa, ya 1983, kanuni ya 855, inasema tu lisiwe jina linalokwenda kinyume na moyo wa Kikristo. Nikamfikishia baba mkwe. Akaniambia, "Vizuri mwanangu," akaenda kuvaa miwani aitazame kalenda.

Binti yangu alizaliwa tarehe 7 Februari, saa tano na nusu usiku. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mzee akakuta tarehe 7 haina mtu, siku ya kawaida tu. Akakaa kimya, kisha akagonga goti: kwani sisi Unguja usiku tunauhesabu vipi? Usiku wa Ijumaa si ule wa Alhamisi? Jua likishatua siku imekwisha, kwa hiyo mtoto ni wa tarehe 8. Na tarehe 8 ni ya Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Padre aliposikia hesabu hiyo alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema Kanisa nalo huanza siku jioni ya jana yake, ila kwa Jumapili na sherehe kubwa, na Bakhita ana kumbukumbu tu. Lakini hakukataa.

Mimi nilikuwa namjua Bakhita kwa picha: mama wa Kiafrika aliyevaa nguo ya sista, uso mpole. Nikiwa nimelala na mtoto kifuani ndipo nilipomsoma vizuri, usiku baada ya usiku, kwenye simu. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu na mwaka 1869. Alitekwa angali mdogo, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwilini na vidonda vikatiwa chumvi ili alama zibaki. Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia huko Khartoum, na baada ya miaka miwili akapelekwa Italia. Waliomweka walipotaka kumrudisha Afrika aligoma kuondoka kwa masista waliokuwa wakimfundisha dini, na mahakama ya Venice ikatamka mwaka 1889 kwamba ni mtu huru. Januari 1890 alibatizwa. Akawa sista, akafariki Schio tarehe 8 Februari 1947. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu.

Ila lililonitoa usingizi ni jina lenyewe. Bakhita ni Kiarabu, maana yake mwenye bahati. Walimpa waliomteka. Jina alilopewa na mama yake alilisahau kwa hofu ya siku ile, na halikurudi tena mpaka anakufa. Nilimtazama huyu wangu, nikajiuliza ni hofu ya namna gani hiyo inayomfutia mtoto jina lake.

Mavyaa hakuhitaji simu kulijua hilo. Aliposikia tu alisema, "Jina la mateka hilo. Mjukuu wangu hatekwi." Yeye alitaka jina lake mwenyewe, awe na somo ndani ya nyumba. Na si wa kumbishia haraka. Hapa kwetu Bahati, Mabruki, Faida yalikuwa majina ya watu walionunuliwa na kuuzwa, na mtu akilitaja la babu yako zamani wenzake walishajua amekaa upande gani wa baraza. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mapadre wa Kifaransa waliokuja miaka ya 1860 walikuwa wakiwakomboa watoto sokoni humo humo kabla ya kufungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kwa hiyo mtoto kutoka mnadani akaingia kwenye kisima cha ubatizo akatoka na jina la mtakatifu wa Ulaya si hadithi ya Sudan peke yake. Nimesali miaka yote kanisa la Minara Miwili na sijawahi kuwaza hao watoto walikuwa wakiitwaje kabla.

Nikamwambia mavyaa: mama, alipobatizwa walimpa majina matatu, Yosefina, Margareta, Fortunata. Fortunata ni Bakhita huyo huyo kwa Kilatini. Angeweza kujificha humo. Lakini mpaka altareni kaingia na Bakhita yake. Mavyaa akasema, "Labda hakuwa na jingine." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Siku ya saba jirani yangu wa mlango wa pili alipiga hodi, bibi wa makamo, na chupa ya mafuta ya nazi na udi wa kufukizia nguo za mtoto. Kwao siku ya saba ndiyo ya jina, hata kama hakuna akika. Akauliza mtoto anaitwa nani. Mavyaa akageukia ukuta. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu dukani, Bakhita.

"Bakhita!" alisema yule bibi, na ile kh ikatoka kooni sawasawa, kama mtu aliyekaa chuo cha Kurani. "Maashallah. Mimi mamangu mkubwa alikuwa Bakhita. Alituzika wote yule, hakufa mpaka alipochoka." Akambeba mtoto, akamwita tena na tena, na mtoto akafungua jicho moja.

Sisi Wakatoliki nyumba nzima tunasema "Bakita". Baba mkwe ndivyo alivyosoma kwenye kalenda, mume wangu ndivyo alivyoandika kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa, ikabidi aiombe nyingine.

Ubatizo ni baada ya arubaini. Yosefina Bakhita, na jina la mavyaa litakuwa la tatu, hilo nimelitoa mwenyewe bila kuombwa. Hajasema kitu. Lakini jana alasiri, nikidhaniwa nimelala, nilimsikia chumba cha pili anamkanda mtoto mafuta na kujaribu polepole: Bak-hita. Bahita. Akakohoa. Bakhhh, na mtoto akapiga chafya.