Mjomba, huyu anaingilia wapi?

Saa hizi ni usiku sana na vidole vyangu viwili vimegandana kwa supaglu, kwa hiyo mkiona herufi zimerukaruka mnivumilie. Leo nimekata mlango wa Konokono kwa mara ya tatu. Konokono ni modeli yangu, gari dogo la mizigo ninalolijenga kwa mkono, magurudumu sita, la kwenye mwezi mmoja wa angani, wa barafu tupu, ambao haupo popote zaidi ya kichwani kwangu. Nimelianza miezi minane iliyopita na kwa akili zangu zote nilikua nimeshalimaliza, nimeshapaka rangi, nimeshalichafua vizuri, nimeshalipiga picha nikiwa nimelala chini sakafuni ili lionekane kubwa kama nyumba. Alafu mpwa wangu akaja.

Ana miaka saba. Akalizunguka mara mbili mikono nyuma, hasemi kitu, akamchukua dereva niliyekua nimemsimamisha pembeni, akamjaribisha pale kwenye kioo cha mbele, hapiti, akamgeuza akamjaribisha kwa nyuma kwenye mizigo, hapiti, akaniangalia.

"Mjomba, huyu anaingilia wapi?"

Nikamwonyesha mlango wa ubavuni. Sasa ule mlango ulikua ni mstari tu niliouchora kwa ncha ya kisu, mzuri kweli, una hadi kivuli cha rangi nyeusi ndani yake. Akapitisha ukucha pale. "Haufunguki." Nikamwambia modeli ziko hivyo, mlango si lazima ufunguke, ni wa kuonekana. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo akishatoka harudi tena?"

Yaani sikua na jibu. Nilimpa biskuti akaenda zake ila mimi nilibaki pale nimeshika dereva mkononi kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Wacha nieleze nilifikaje hapo, maana si uzembe tu. Mimi kazi hii naipendea vikorokoro. Ukinipa printa iliyokufa mimi siku yangu imeisha vizuri, ndani ya printa kuna gia nyeupe ndogo ndogo, kuna zile reli za chuma, kuna springi nyembamba kama unywele, kuna vipande vya plastiki vyenye mabonde na vishimo ambavyo hakuna mtu duniani anajua ni vya nini, na hapo ndo utamu ulipo, kwa sababu kitu usichojua kazi yake ukikibandika kwenye gari la anga jicho linakubali moja kwa moja kwamba kina kazi. Hata wakubwa walifanya hivyo hivyo. Mafundi waliojenga vyombo vya anga vya filamu ya Star Wars ile ya 1977 walinunua seti za modeli za plastiki kwa wingi, vifaru, ndege, magari, wakavunja vunja na kubandika vipande vyake kwenye mbavu za vyombo vyao, ndo maana ukiangalia kwa karibu unaona kabisa kipande cha kifaru kimekaa pale kinajifanya bomba la mtambo wa anga. Basi na mimi Konokono nilimjaza. Kila palipokua wazi nikaweka kitu. Antena saba! Gari la mizigo linaenda wapi na antena saba.

Nilichogundua ni kwamba nilikua najenga kutoka nje tu. Najenga picha. Hakuna hata sehemu moja ambapo niliwaza mguu unakanyaga wapi.

Na cha kuchekesha ni kwamba kwenye historia ya midoli hii mambo yalikwenda kinyume, ni mtu ndo alipunguzwa ili gari litengenezeke. G.I. Joe wa kwanza, yule mdoli askari wa Kimarekani, wa 1964, alikua na urefu wa kama sentimita 30. Sasa mtengenezee huyo chombo cha anga cha watu wanne uone, kinataka chumba chake. Kampuni ya midoli ya Kenner walipotoa midoli yao ya Star Wars mwaka 1978 wakaishusha mpaka kwenye inchi 3 na robo tatu, kama sentimita 9 na nusu hivi, na kwa urefu huo dereva anakaa ndani, abiria wanakaa nyuma, na mtoto bado anaweza kulibeba gari zima kwa mikono yake. G.I. Joe mwenyewe alivyorudi 1982 akarudi na kimo hicho hicho. Yaani watu wenye viwanda walianzia kwenye kiti, mimi na kisu changu nikaanzia kwenye antena.

Basi nikakaa na rula. Hesabu yenyewe si ngumu, mdoli wa sentimita 9 na nusu ni kama skeli ya 1:18, mtu wa sentimita 170 ukimgawa kwa 18 unapata 9.4. Ukishajua hiyo namba kila kitu unakigawa kwa 18 na dunia inakuja yenyewe. Mlango wa mita mbili unakua sentimita 11. Kiti cha sentimita 45 kinakua sentimita 2 na nusu. Ngazi ambayo vidato vyake vimeachana sentimita 30 inakua milimita 17 kati ya kidato na kidato, na chuma cha kushikia, kile ambacho kwa kweli kinajaa kiganja, unene wa sentimita 3, kinakua chini ya milimita 2. Nikaenda kupima ngazi niliyokua nimembandikia Konokono, ile niliyokua najivunia. Milimita 30 kati ya vidato. Dereva wangu angekua anapanda nusu mita na zaidi kila hatua, akiwa na suti ya barafu, akiwa na mzigo. Nikaing'oa usiku ule ule.

Mtajiuliza dereva mwenyewe vipi. Dereva ni Namba Mbili. Namba Moja yupo, ila hatumtaji sana.

Haya tumtaje. Namba Moja nilimpaka rangi ya kupulizia, ile ya kopo, ya kawaida tu, nyeupe, suti nzima. Ikatoka safi mpaka nikamwita mtu aje aone. Kesho yake nikamgusa, ananata. Nikasema bado mbichi. Wiki, ananata. Mwezi, ananata. Kumbe midoli mingi imetengenezwa kwa plastiki laini ya PVC, na ule ulaini unatokana na kemikali ya kulainisha iliyochanganywa humo, na rangi nyingi za kupulizia zikikutana nayo hazikauki tena, zinabaki kama asali. Mpaka leo Namba Moja ananata. Yuko kwenye kopo lake juu ya kabati, ameshakusanya vumbi na nywele za paka mpaka anaonekana kama amevaa koti la manyoya, na kwa mwezi wa barafu kwa kweli halimkai vibaya. Ila hashikiki.

Namba Mbili nikampaka rangi ya akriliki ya maji kwa brashi, nyembamba nyembamba, tabaka nne, kila moja naipa muda ikauke kabisa. Kabla ya hapo nikamtoa mikono. Unamtumbukiza kwenye maji ya moto sana dakika moja hivi, plastiki inalegea, unavuta kwa kitambaa, mkono unachomoka bila kulia. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kupiga msasa ndani ya bega, pale kiungo kinaposuguana, usipopunguza hata kidogo rangi inakwanguka siku ya kwanza unapomwinua mkono. Wa kulia ulitoka vizuri. Wa kushoto nilikua na haraka, sikusubiri dakika, nikavuta, kijiti cha ndani kikabaki begani. Ikabidi nitoboe pande zote mbili kwa drili ya mkono, niweke waya wa klipu ya karatasi, nigundishe. Sasa mkono wake wa kushoto hauzunguki, umeganda umeinuka kidogo kama anasalimia. Nimeamua aliumia kazini.

Tatizo lilikua magoti. Namba Mbili ni wa mtindo wa zamani, viungo vitano tu, shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Goti hana. Kwa hiyo akikaa miguu inanyooka mbele mzima mzima kama mtoto aliyekalishwa kwenye mkeka, na zile sentimita 2 na nusu zangu za kiti hazina maana yoyote, anachohitaji yeye ni sakafu ndefu. Nilifikiria kumkata magoti na kumwekea viungo, nikaangalia lile bega, nikaacha. Nikasema wacha gari limfuate yeye.

Kwa hiyo nikabomoa. Inauma jamani. Unachukua kitu ulichokipaka rangi tabaka sita na unakipitishia msumeno. Nikakata pua yote ya mbele, nikairefusha sentimita 3 kwa bapa la stairini, plastiki ngumu ya kujengea modeli, lile unalolikwaruza kwa kisu mara mbili tatu alafu unalivunja kwa mikono linakatika limenyooka kabisa. Kiti nikakishusha mpaka karibu na sakafu, dereva anakaa kama amelala nusu, miguu inaingia ndani ya pua. Na wallahi gari likapendeza kuliko mwanzo! Lilikua na uso wa lori, sasa lina uso wa kitu kinachonusa njia. Sikulichora hivyo, ni miguu ya Namba Mbili imelichora.

Kioo nacho kilinitesa. Nilikikata kwenye plastiki angavu ya kifungashio, nikakigundisha kwa supaglu kama nilivyozoea, asubuhi naamka kimepiga ukungu mweupe kingo zote, ule mvuke wa supaglu ukikauka unakaa kwenye kioo kama pumzi. Kwa gari la barafu ningeweza kusema ni makusudi, nilikaribia kusema, ila mimi nilijua. Nikakata kingine, safari hii gundi nyeupe ya karatasi, inashika polepole ila inakauka bila rangi.

Na mlango. Wa kwanza nilikata mdogo, nilisahau unene wa suti na ule mkono unaosalimia. Wa pili nilikata sawa ila bawaba niliweka upande wa mbele, ukifunguka unagonga gurudumu. Huu wa tatu unafungukia juu, bawaba ni mrija mwembamba wa stairini nimeukata vipande vitatu na waya wa klipu umepita katikati, na unakaa ukifunguliwa, haudondoki, kwa sababu nilikunja waya kidogo tu katikati ukawa mgumu kuzunguka. Nimeufungua na kuufunga labda mara arobaini tangu saa nne asubuhi. Hausemi chochote, unasema tk.

Kilichobaki kilikua kuuchafua upya, na hapa ndo nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Zamani uchafu nilikua naupaka kila mahali sawasawa, rangi nyeusi na kahawia imechanganywa na maji mengi, unapaka gari zima, unafuta, inabaki kwenye mistari, umemaliza. Safari hii nikawa namuuliza Namba Mbili. Unakanyaga wapi kwanza? Kwenye kidato cha chini, kwa hiyo pale katikati rangi imekwisha, chuma kinaonekana. Unashika wapi? Hapa, pembeni ya mlango, kwa hiyo pana alama ya mafuta ya glavu. Nyuma ya kiti hapaguswi na mtu, kwa hiyo vumbi linakaa pale limetulia. Nikachukua brashi kavu yenye rangi ya fedha kidogo sana, nikawa nasugua vyuma vya kushikia kimoja kimoja. Nilipomaliza nikalisogeza mbali, nikaona kitu. Vyote nimevichakaza upande wa kushoto. Vyote. Mimi natumia mkono wa kushoto, na Namba Mbili mkono wake wa kushoto haufanyi kazi.

Nikarudia.

Mpwa wangu amekuja leo jioni. Sikumwambia kitu, nililiweka mezani mlango umefungwa, dereva nje. Akaufungua kwa ukucha. Akamchukua Namba Mbili, akamwingiza miguu kwanza, mkono wa salamu ukakwama sekunde moja, akamwinamisha, akapita. Akafunga. Tk. Akainama akachungulia kioo, kimya kirefu, mimi nimeshika pumzi mtu mzima mie.

"Na choo?"

Nimepima sasa hivi. Nyuma ya kiti kuna sentimita 4 na nusu, ila pana gia tatu za printa na zile betri za uongo, nikizihamishia chini ya mizigo inabaki sentimita 6, kugawa... kuzidisha kwa 18 ni kama mita 1, anaingia kwa kuinama. Shida ni mlango wake ufungukie wapi. Na huyu mtu hana magoti.